Jeshi la Jirani: Hoja ya Kukaa na Hoja ya Kuondoka, 1979–1981

Amma baada ya kumshukuru Mola, Mwenye kujaalia amani baada ya khofu, hizi ni habari za jambo lililopita katika nchi ya Uganda, likawagusa watu wa Jinja na Mbale kama lilivyowagusa watu wa Masaka na Kampala. Jambo lenyewe ni jeshi la Tanzania, lililoingia Uganda katika vita vya mwaka 1979, likakaa miaka miwili baada ya vita kwisha, kisha likaondoka katikati ya mwaka 1981. Vita vyenyewe vimesimuliwa mara nyingi. Lakini yale mabishano ya kukaa au kuondoka hayakusimuliwa sana, na vijana waliozaliwa baadaye husikia tu kwamba Watanzania walikuja wakamtoa Idi Amin, kisha wakarudi kwao. Kati ya kuja na kurudi pana mambo mengi ya kuzingatiwa, na Waislamu wa mashariki ya Uganda wana haja khasa ya kuyajua, kwa kuwa baadhi yao walilipishwa deni ambalo hawakulikopa.

JINSI VITA VILIVYOANZA NA JINSI VILIVYOKUA

Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Uganda walivuka mpaka wa kusini, wakaiteka nchi yote ya Tanzania iliyo kaskazini ya mto Kagera, eneo la kadiri ya maili 700 za mraba. Watu waliuawa, ng'ombe wakachukuliwa, kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa, na daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba eneo hilo limekuwa sehemu ya Uganda. Siku ya pili yake Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia taifa lake, akasema maneno ambayo Watanzania wameyahifadhi hata leo: kwamba uwezo wa kumpiga wanao, sababu ya kumpiga wanayo, na nia ya kumpiga wanayo. Mambo matatu yalitajwa siku ile. La nne, yaani siku ya kurudi nyumbani, halikutajwa. Na wala si ajabu, kwa kuwa wakati ule hapakuwa na mtu aliyefikiri kwamba askari wa Tanzania atafika Jinja, sembuse Mbale.

Tanzania ilikuwa na jeshi dogo, lisilofika watu 40,000. Katika muda wa majuma machache likakuzwa hata likapita watu 150,000, na kati yao kadiri ya 40,000 walikuwa mgambo, yaani wakulima na wafanya kazi walioacha jembe na karakana. Magari ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kwenda kubeba askari na vyakula. Huo ulikuwa mwanzo wa gharama, na gharama ya vita ni kama mvua ya masika: mwanzo wake huonekana, mwisho wake haujulikani.

Mnamo Januari 1979 majeshi ya Tanzania yalikuwa yamekwisha kuirudisha Kagera, yakashika Mutukula iliyo mpakani. Hapo likazuka swali la kwanza: Je, vita vimekwisha? Wako waliosema vimekwisha, kwa kuwa mwizi ametolewa nyumbani. Wako waliosema kwamba mwizi aliyetolewa bila ya kunyang'anywa panga atarudi usiku. Rai ya pili ikashinda. Masaka ikachukuliwa tarehe 24 Februari, na Mbarara siku zile zile. Nia ilikuwa kusimama hapo, kisha Waganda waliokuwa uhamishoni wamalizie kazi wenyewe. Lakini Libya ilileta askari wake kumsaidia Amin, vita vikali vikapigwa Lukaya usiku wa tarehe 10 Machi na siku ya pili yake, na ikawa dhahiri kwamba wale wa uhamishoni hawana nguvu ya kuyakabili majeshi mawili. Basi Tanzania ikaendelea mbele. Hivyo ndivyo vita vya kurudisha ukingo wa mto vilivyokuwa vita vya kuchukua mji mkuu. Hapakuwa na siku moja ambayo jambo hilo liliamuliwa lote. Kila hatua iliita hatua nyingine.

Mwishoni mwa Machi vikundi zaidi ya 20 vya Waganda vilikutana Moshi, vikaunda umoja wao, na Profesa Yusuf Lule akachaguliwa kuwa kiongozi. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Siku mbili baadaye Lule akaapishwa kuwa Rais.

JINJA ILIVYOONA NAMNA TATU ZA KUONDOKA

Hapa pana jambo linalostahili kuhifadhiwa na watu wa Jinja. Majeshi yalipoizunguka Kampala, Nyerere aliagiza kwamba njia ya mashariki, iendayo Jinja, isifungwe. Sababu yake ilikuwa hii: askari wa Libya walikuwa ndani ya mji, na kama wangezibiwa pande zote wangelazimika kupigana hata mwisho, nao walikuwa vijana walioletwa mbali, wengi wao wasiokuwa na ujuzi wa vita wala wa nchi. Mamia yao walikuwa wamekwisha kufa. Tanzania haikutaka kuwadhalilisha zaidi, wala kuwatia uadui wa kudumu Waafrika na Waarabu. Mlango ukaachwa wazi, na wengi wao wakatoka kwa njia hiyo, wakarudishwa kwao. Hii ndiyo namna ya kwanza ya kuondoka katika vita vya ugenini: adui kukuachia mlango. Ni sitara aliyositiriwa mtu na yule aliyekuja kupigana naye, na jambo hilo ni la insafu. Wala halipunguzwi na kuwa Libya ilikuja kumsaidia aliyedhulumu.

Namna ya pili ni ya askari wa Amin wenyewe. Hao waliondoka bila ya amri na bila ya mpango, kila mtu na njia yake, wakielekea Tororo, Mbale, Soroti na kaskazini, na wengine wakavuka kwenda Kenya, Sudan na Zaire ya siku zile. Askari anayekimbia hana mshahara wala mkubwa wa kumwuliza. Hivyo wenye maduka, wenye magari na wenye mifugo waliokuwa katika njia hizo waliona taabu kubwa.

Watu wa Jinja walikuwa na khofu nyingine, nayo ni bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, ambalo umeme wake uliwasha viwanda vya Jinja, taa za Kampala, na sehemu ya Kenya pia. Ilihofiwa kwamba wanaokimbia watalivunja. Kama lingevunjwa, Uganda ingekaa gizani, na maji yangeleta msiba kwa watu wa chini ya mto. Tarehe 22 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yaliingia Jinja, na bwawa likakutwa zima. Watu wakatoka barabarani kwa furaha. Walikuwa wakiwaita askari wale wakombozi, na katika midomo ya Waganda neno hilo likawa "bakombozi". Baada ya siku chache zikafuata Tororo na Mbale chini ya mlima Masaba, na tarehe 3 Juni 1979 majeshi yakafika mpaka wa Sudan. Vita vikawa vimekwisha.

Namna ya tatu ya kuondoka ni ya Watanzania wenyewe, nayo ndiyo iliyojadiliwa kwa miaka miwili.

HOJA ZA WALIOTAKA JESHI LIONDOKE

Hoja ya kwanza ilikuwa mali. Vita vile vinakadiriwa kuigharimu Tanzania dola milioni 500 za Marekani. Tanzania haikuwa nchi tajiri hata kabla ya vita. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na ikabidi Tanzania ijitengenezee upya reli, posta na ndege zake. Bei ya kahawa ilikuwa imeshuka, na mwaka ule ule wa 1979 bei ya mafuta ikapanda duniani kote. Nyerere akawaambia watu wake wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi 18 ikapita, na mikanda haikufunguliwa. Sabuni, sukari, mafuta ya kupikia na nguo vikawa vitu vya kutafutwa kwa foleni. Serikali ikaenda kwa Shirika la Fedha la Kimataifa kutaka mkopo, masharti yakawa mazito, na mwishoni mwa mwaka 1979 Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, akajiuzulu kwa sababu ya khitilafu katika jambo hilo. Basi mkulima wa Shinyanga au Lindi alikuwa na haki ya kuuliza: Mwanangu analinda barabara ya Mbale mpaka lini, na hapa nyumbani hatuna kipande cha sabuni?

Hoja ya pili ilikuwa sheria na heshima ya mipaka. Mnamo Julai 1979 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Monrovia, nchini Liberia. Huko Rais Nimeiri wa Sudan na Jenerali Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuingia katika nchi nyingine na kuiondoa serikali yake. Walisema kwamba mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika unakataza jambo hilo, na kama mlango huu ukifunguliwa leo kwa sababu njema, kesho utaingiwa kwa sababu mbaya. Upande wa Tanzania ulijibu kwamba aliyevuka mpaka kwanza ni Amin, na kwamba Umoja ulinyamaza alipovuka, kama ulivyonyamaza miaka minane alipokuwa akiwaua watu wake. Godfrey Binaisa, ambaye wakati huo hakuwa ametimiza mwezi mmoja katika urais wa Uganda, alisimama akaitetea Tanzania. Majibizano hayo hayakumaliza neno. Kila upande ulikuwa umeshika sehemu ya haki.

Hoja ya tatu ilikuwa askari mwenyewe. Kwa hesabu iliyotolewa, Watanzania 373 katika jeshi walikufa, na kati yao 96 tu ndio waliouawa vitani. Waliobaki walikufa kwa ajali, maradhi na sababu nyingine. Wengi wa mashujaa hao wamezikwa Kaboya, katika mkoa wa Kagera. Hesabu hiyo inafundisha kwamba risasi si hatari pekee ya vita vya ugenini. Barabara mbovu, gari bovu, homa na uchovu huua zaidi. Tena, askari akikaa sana mbali na mkewe na wanawe, bila ya vita na bila ya kazi yenye mwisho, tabia yake huharibika. Walikuwako katika Uganda askari wa Tanzania waliojiheshimu, ambao raia waliwapenda kwa upole wao na kwa Kiswahili chao cha "samahani" na "ndugu", kwa kuwa Waganda walikwisha kuzoea Kiswahili cha amri na cha kizuizi cha barabarani. Lakini walikuwako pia walioingia katika magendo na unyang'anyi. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni mwenye bunduki hapewi jembe, na hapo ndipo ugumu ulipo.

HOJA ZA WALIOTAKA JESHI LIKAE

Waliotaka jeshi likae hawakukanusha hata moja katika hoja hizo. Walisema tu: Tazameni kitakachobaki.

Uganda ilikuwa haina jeshi, haina polisi wa kutosha, na bunduki za askari waliokimbia zilikuwa zimetapakaa vijijini. Kampala ilikuwa na mauaji ya usiku ambayo hata kwa kuwako Watanzania hayakukoma. Jeshi jipya la Uganda lilikuwa likiundwa haraka haraka, na makamanda wake walikuwa kila mmoja akijiandikishia watu wake, mara nyingi wa kwao, ili siku ya siasa awe na nguvu nyuma yake. Watanzania wakiondoka kabla jeshi hilo halijawa jeshi moja la nchi, silaha hizo zitaelekezwa wapi? Na wale waliopotelewa na baba na ndugu zao katika siku za Amin watatafuta kisasi kwa nani?

Swali la mwisho halikuwa la kubahatisha. Jibu lake lilikwisha kuonekana.

WAISLAMU NA DENI LISILO LAO

Kwa kuwa Amin alikuwa Mwislamu, na kwa kuwa aliiingiza Uganda katika umoja wa nchi za Kiislamu mwaka 1974, wako watu waliosema kwamba utawala wake ulikuwa utawala wa Waislamu, na kwamba kuanguka kwake ni ushindi juu ya Waislamu. Maneno hayo yalienea upesi, na yalileta damu. Mnamo Juni 1979, vita vikiwa vimekwisha kwa majuma tu, makumi ya Waislamu, wanaume kwa wanawake na watoto, waliuawa Kiziba, katika Ankole. Hawakuuawa na jeshi la kigeni, bali na watu waliokuwa wakiishi nao. Mahali pengi Waislamu na Wanubi walikimbia nyumba zao, na misikiti ikaachwa mitupu.

Ni lazima ukweli uwekwe mahali pake. Katika Busoga yenyewe yuko Shaban Nkutu, Mwislamu na waziri katika serikali ya Uganda kabla ya 1971. Huyo aliuawa Jinja mwaka 1973 na askari wa Amin, na jamaa zake hawakupata kumzika kwa heshima hata mwaka 2005. Kama utawala ule ulikuwa wa Waislamu, mbona Nkutu hakusalimika? Na upande wa pili, mkuu wa majeshi ya Tanzania wakati wa vita alikuwa Jenerali Abdallah Twalipo, na kati ya makamanda wa brigedi walikuwamo Yusuf Himidi na Muhiddin Kimario. Askari Waislamu kutoka Unguja, Tanga, Kilwa, Tabora na Ujiji walipigana na jeshi la Amin wakiwa bega kwa bega na ndugu zao Wakristo. Vita havikuwa vya dini. Dhalimu alikuwa na dini, lakini dhuluma yake haikuwa na dini.

Basi kwa Mwislamu wa Jinja au Mbale, suala la kuondoka kwa jeshi la Tanzania halikuwa suala la wakubwa wa Monrovia peke yao. Lilihusu kama atafungua duka lake kesho, na kama mwanawe atapita kizuizini akiulizwa jina lake, akisema Ramadhani au Abdalla, asidhurike. Wengi waliona kwamba askari mgeni, asiyekuwa na kisasi na mtu, ni salama zaidi kuliko askari mwenyeji mwenye hesabu ya zamani. Wengine waliona kwamba kulindwa na mgeni kunaongeza chuki ya jirani. Na Kiziba ilionyesha kwamba hata jeshi likiwako nchini, haliwezi kuwa katika kila kijiji. Amani ya kijiji hulindwa na wanakijiji.

MGENI NA KITI CHA MWENYEJI

Jambo lililowachosha Watanzania kuliko gharama lilikuwa siasa ya wenyeji. Lule alikaa katika urais siku 68 tu. Tarehe 20 Juni 1979 baraza la umoja ule ule uliofanywa Moshi lilimwondoa, na watu wa Kampala wakaandamana, na askari wa Tanzania wakatakiwa kutuliza ghasia za jambo ambalo hawakulifanya. Akaja Binaisa. Mwezi wa Mei 1980 Binaisa alijaribu kumwondoa mnadhimu mkuu wa jeshi, Oyite Ojok. Jeshi likakataa, na tume ya kijeshi chini ya Paulo Muwanga ikamwondoa Binaisa mwenyewe. Askari wa Tanzania walikuwa Kampala na maelfu yao walikuwa nchini, nao wakatazama bila ya kuzuia.

Hapo lawama zikaja pande zote mbili. Walipotuliza ghasia waliambiwa wanawatawala Waganda. Walipokaa kimya waliambiwa wamependelea. Mlinzi wa mlango hawezi kuwapatanisha walio ndani. Akiingia ndani huambiwa ni mwizi, akibaki mlangoni huambiwa amelala. Nyerere alikuwa rafiki wa Milton Obote, ambaye alimpa hifadhi katika uhamisho wake, na kwa hivyo kila alilolitenda lilipimwa kwa mizani ya urafiki huo. Uchaguzi ulifanywa Desemba 1980, chama cha Obote kikatangazwa kushinda, na wengine wakasema kura zimeibwa. Mwezi wa Februari 1981 Yoweri Museveni na wenzake wakaanza vita vya msituni. Jeshi la Tanzania likajikuta limekaa juu ya mkaa: likibaki, litaingizwa katika vita vya Waganda kwa Waganda.

SIKU YA KUONDOKA

Watanzania walikuwa wakipunguzwa kidogo kidogo tangu mwaka 1979, na mwezi wa Juni 1981 wakamaliza kuondoka. Waliondoka kwa utaratibu, si kwa kukimbia. Hawakufukuzwa na adui, wala hawakuchukua kipande cha ardhi ya Uganda. Katika historia ya majeshi hilo si jambo dogo. Wako wengi walioingia nchi za watu kwa ukombozi, wakabaki kwa ufalme.

Lakini yaliyohofiwa yalitokea. Katika West Nile, ambako Amin alitoka, jeshi jipya la Uganda lilikuwa limekwisha kuwaadhibu raia tangu Oktoba 1980, na watu wengi sana walikimbilia Sudan na Zaire. Watanzania walipoondoka, tarehe 24 Juni 1981 askari wa jeshi hilo walishambulia misheni ya Ombachi, karibu na Arua, ambako raia walikuwa wamejihifadhi. Makumi wakauawa. Walikufa Wakristo na Waislamu, wakubwa na wadogo, kwa sababu ya mahali walipozaliwa. Na katika Buganda vita vya Luwero vikaendelea hata Januari 1986.

MAZINGATIO

Sasa msomaji atauliza: Ni upande gani uliokuwa na haki? Je, jeshi liliondoka mapema, au lilikawia?

Anayetazama Ombachi atasema liliondoka mapema. Anayetazama foleni za sabuni za Dar es Salaam na makaburi ya Kaboya atasema lilikawia. Wote wawili wana ushahidi. Lakini wote wawili wanatazama tarehe, na makosa hayakuwa katika tarehe. Watanzania waliwapa Waganda miaka miwili, na miaka hiyo ilinunuliwa kwa njaa na madeni ya watu wengine. Swali la haki ni hili: Miaka hiyo ilitumiwa kwa kazi gani? Ilitumiwa kugombea kiti. Serikali tatu zilibadilishwa kabla ya uchaguzi. Kila mwenye askari aliongeza askari. Wala hapakuwa na baraza la kuwapatanisha waliodhulumiwa na waliodhaniwa kudhulumu, ili aliyeua ahukumiwe kwa jina lake na asiyeua aachwe. Kama jeshi lile lingekaa miaka kumi, na kazi hiyo isifanywe, mwaka wa kumi na moja ungekuwa kama mwaka 1981.

Na Waislamu nao wasijitoe katika lawama hiyo. Katika siku zile zile walizokuwa wakiogopa, uongozi wao uligawanyika, na kila upande ukadai kuwa ndio wenye haki ya kusema kwa niaba ya wote. Jamii iliyogawanyika haina wa kuisemea mlangoni kwa mkubwa. Kheri iliyopatikana baadaye, kama Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988, ilitokana na kazi ya subira na ushirikiano, na wanafunzi wake tangu mwanzo hawakuwa Waislamu peke yao. Jengo kama hilo ni ulinzi kuliko kambi ya askari, kwa sababu jirani anayesomesha mwanawe kwako hatapenda pachomwe.

Mambo haya si ya zamani tu. Uganda nayo baadaye ilipeleka watoto wake katika vita vya ugenini. Ilikuwa na majeshi Kongo tangu 1998 hata 2003, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikahukumu mwaka 2005 kwamba ilivunja sheria, kisha mwaka 2022 ikaamuru ilipe dola milioni 325. Tangu Machi 2007 askari wake walikwenda Somalia chini ya Umoja wa Afrika, na miaka ikapita mingi kuliko ilivyotazamiwa. Katika nyumba za Jinja, Bugembe, Mbale na vijiji vya Busoga na Bugisu wako wazazi waliosubiri barua na salamu kutoka Mogadishu kama wazazi wa Shinyanga walivyosubiri habari kutoka Mbale. Hoja za kukaa na za kuondoka zilizosemwa huko ni zile zile za mwaka 1979.

Basi anayejadili jeshi kuondoka, na asiishie kuuliza siku. Na aulize kwanza: Waliotumwa waliambiwa mwisho wa kazi yao ni nini? Wenye nchi wanafanya nini katika muda wanaolindiwa? Na siku mlinzi atakapokwenda, ni nani atakayesimama mlangoni kwa mnyonge ambaye jina lake au kabila lake linachukiwa? Watanzania walitimiza la kwao kwa gharama kubwa, pamoja na makosa yao, na wanastahili shukrani. Deni lililobaki ni la wenyeji, nalo halikulipwa na kuondoka kwa mtu. Jinja na Mbale zilisalimika na mengi yaliyozipata Ankole na West Nile. Na shukrani ya aliyesalimika ni kumlinda jirani yake, awe Mwislamu au si Mwislamu, Msoga, Mgisu, Mnubi au mtu wa West Nile, ili isihitajiwe tena siku ambayo jeshi la kigeni litaitwa kuja kuwaamua watu wa nyumba moja.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa katika vita vile, wenyeji na wageni, na ajaalie amani katika nchi hii na nchi jirani. Amin.